Kikohozi cha Isebania na Kikohozi cha Homa Bay

Boke alikuja kunitembelea hapa Oyugis mwezi uliopita, na wajukuu wangu wakaacha kula wakatukodolea macho. Hawakuwa wamewahi kunisikia nikiongea Kiswahili asubuhi hadi jioni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kwetu tunaongea Dholuo, shuleni wao wanaongea Kiingereza, na Kiswahili ni cha sokoni na cha kumjibu askari. Lakini mimi na Boke hatuna lugha nyingine. Yeye ni Mkuria wa upande wa Isebania, mimi ni Mjaluo, na kila tulichoambiana tangu tujuane, kizito na chepesi, tuliambiana kwa Kiswahili cha kuokoteza tulichokijenga sisi wawili mezani, neno lake moja na langu moja, mpaka kikatutosha. Sasa meno yake ya mbele hayapo na anatembea na fimbo, lakini kicheko ni kilekile, kinaanzia tumboni na kuchelewa kufika mdomoni. Mjukuu wangu mkubwa akauliza, akiniita bibi kwa Kijaluo, "Dani, huyu mlijuana wapi?" Kabla sijameza, Boke akamjibu: "Tulikuwa tunasikiliza nguruwe wakikohoa." Watoto wakaanguka kwa kicheko, wakidhani bibi wa watu anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alipoondoka niliona ule mwaka umefunguka ndani yangu kama dirisha lililokuwa limekwama, na tangu siku hiyo naisikia harufu yake: mikaratusi iliyolowa, maziwa ya moto, na dawa kali tuliyokanyaga kwa mabuti kila tulipoingia na kutoka.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Bendera ya pale bomani haijapauka. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nasubiri nafasi ya kusomea uuguzi. Daktari wa mifugo aliyeitwa Nzioka, Mkamba aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo si muda mrefu, alikuwa anatafuta mtu anayeweza kusoma kipimajoto bila kubahatisha. Nilikuwa nimejifunza hilo katika zahanati ya kanisa letu. Hivyo ndivyo msichana wa Kisabato, aliyelelewa asiguse hata sufuria iliyopikiwa nguruwe, alivyojikuta kando ya mto Migori akiinua mikia ya nguruwe asubuhi na jioni. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba moja ya mabati yenye vyumba vitatu, jiko la nje, na mabanda yaliyojengwa mbalimbali ili hewa ya moja isifike kwa jingine. Alfajiri ukungu ulipanda kutoka mtoni ukajaza uwanja wote, na ungeyaona mapaa ya mabanda tu, yakielea juu ya weupe ule kama vitu vilivyosahauliwa na maji. Sijawahi tena kuishi mahali palipofanana na usingizi namna ile. Hata sauti zilikuja zimefunikwa: ndoo, ndege, halafu kikohozi, halafu kikohozi kingine kutoka upande wa pili, kana kwamba mabanda yanaitana.

Swali la daktari lilikuwa jepesi kulisema. Mwaka huo nguruwe walikuwa wanakohoa pande mbili za wilaya. Kule Homa Bay, kwenye misheni moja ya Kikatoliki kando ya ziwa, walikohoa, wakaacha kula kwa muda, wakainuka. Kule Isebania walikohoa na kufa. Siku hizi kila mtoto anajua neno virusi. Sisi tuliambiwa tu kwamba ni mdudu mdogo asiyeonekana hata kwa darubini ya daktari, anayekaa kwenye pua na mapafu, na kwamba wadudu wa aina moja wanaweza kuwa ndugu na bado mmoja akawa mkali kuliko mwenzake. Wakubwa wa mifugo walikwisha kuamua kwamba wa Isebania ndiye mkali, kwamba alivuka mpaka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, na kwamba dawa yake ni kuwapiga risasi nguruwe wote wa upande ule. Daktari Nzioka aliomba muda. "Nguruwe wa Homa Bay wanalala pakavu na kunywa maziwa," alituambia. "Wa Isebania wanalala kwenye matope. Nitajuaje kama ni ugonjwa ndio mkali, au ni maisha yao?"

Nilikuwa naye siku alipokwenda kuchukua kamasi pande zote mbili, na safari hizo mbili zimekaa kichwani mwangu zimebandikana kama kurasa. Misheni ya Homa Bay ilikuwa na sakafu ya saruji na nyasi kavu mpaka magotini; ziwa liling'aa nyuma ya uzio, na bruda mmoja mzee aliwapitia nguruwe wake akiwakanda vifua kama mama mwenye watoto wengi wenye mafua. Isebania tulifika mvua ikinyesha. Mama mmoja mjane alikuwa amesimama zizini, gunia kichwani, na nguruwe wake walilala ubavu, matope hadi masikioni, wakivuta pumzi kwa tumbo. Mmoja alikuwa amekwisha kufa na wengine walikuwa wamemwegemea kutafuta joto. Msichana wa rika langu aliruka ndani bila viatu, akamkumbatia jike mkubwa shingoni akamshika kimya kabisa, huku akimwimbia kitu sikioni, mpaka daktari akamaliza kumfuta pua kwa pamba. Daktari akafunga chupa, akaiweka kwenye barafu, akamtazama. "Wewe unaitwa nani?" "Boke." "Boke, unaweza kufanya hivyo kila siku?" Tukarudi Migori yeye akiwa kati yetu kwenye Land Rover, amejifunga leso, miguu bado na matope, akimtazama mama yake kwenye kioo mpaka kona ikamficha.

Daktari alinunua watoto wa nguruwe wa tumbo moja na umri mmoja, wazima kabisa, akawagawa. Banda moja walidondoshewa puani majimaji ya Isebania, jingine ya Homa Bay, na banda la tatu hawakupewa kitu, ili tuone nguruwe mzima wa siku hiyohiyo na mvua hiyohiyo anakuwaje. Chakula kilikuwa kimoja, maji mamoja, nyasi zimekaushwa pamoja. Boke alipewa banda la Isebania, mimi la Homa Bay, na mtu asivuke kwa mwenzake. Tulipima joto, tukahesabu pumzi kwa kutazama mbavu, tukasikiliza kikohozi kama ni kikavu au cha maji, tukaona nani amekuja kwenye hori na nani amebaki kona. Jioni tulimwambia daktari naye akaandika kwa chaki ubaoni, na pale ubaoni magonjwa mawili yakaanza kukimbia bega kwa bega. Jumamosi daktari mwenyewe alivaa ovaroli na kushika banda langu, maana niliweka sharti la Sabato kabla ya sharti la mshahara. Nilitembea kwenda kanisani nimejisugua kwa sabuni mpaka ngozi inauma, na bado akina mama walisogea kidogo kwenye benchi. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono mlangoni, akasema kwa upole, "Nyathina, mtoto wangu, wewe unagusa mnyama amekatazwa." Nilimweleza daktari. Alifikiri sana, maana alikuwa mtu wa kufikiri hata ukimwamkia, kisha akasema, "Wamekataza kumla. Kumpima joto, nadhani, hawakukumbuka." Tukakubaliana nisiguse mzoga; siku ya kuwapasua nguruwe ili kuona mapafu, Boke ndiye angeshika.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na dirisha moja lililotazama mikaratusi. Boke alipika kwa sababu mimi niliunguza. Alileta mumi kutoka kwa wavuvi wa mtoni, samaki asiye na magamba, ambaye kwa Wasabato naye amekatazwa, na nikakataa. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nguruwe hapana, mumi hapana. Sasa wewe unakula nini? Upepo?" Kuanzia siku hiyo alinipikia mboga chungu kwa maziwa kwenye chungu cha peke yangu, na hakumruhusu mtu mwingine kukitumia, hata daktari. Tulikula tumekaa mlangoni, tukitazama mvua ikitembea juu ya vilima. Aliniuliza maneno ya Kijaluo nami nikamuuliza ya Kikuria, tukayasahau, tukarudi kwenye Kiswahili chetu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba nguruwe wa mama yake si mali tu. Baba yake alipokufa, ndugu za baba walichukua ng'ombe. Hawakutaka nguruwe, waliwaona ni kichekesho. Kwa hivyo mama alibaki na kitu kimoja ambacho hakuna mwanamume aliyekuwa na haja nacho, na kwa kitu hicho akabaki kwenye nyumba yake mwenyewe bila kumpigia mtu magoti. "Wakiua nguruwe," Boke alisema, "wanaua nyumba."

Alasiri moja nilikuwa nachemsha sindano nyuma ya nyumba, na ukuta wa mabati haujui siri. Bwana mifugo wa wilaya alikuwa amekuja kutoka bomani. Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni. "Huyu msichana wako wa Kikuria, nguruwe wao wako kwenye orodha yangu," alisema. "Na wewe umempa banda lilelile. Atakudanganya." "Hajanidanganya," daktari akajibu. "Utajuaje?" Daktari akasema, "Kwa sababu jana aliniambia habari mbaya." Ilikuwa kweli. Jana yake nguruwe mmoja wa Boke alikuwa amepandisha homa na kugoma kula. Ningeona mimi tu, kwa mbali, kama angenyamaza. Alimwambia daktari machozi yakimtoka, na daktari akaandika. Bwana mifugo akacheka kwa pua. "Maliza michezo yako haraka. Askari wangu wana bunduki, na mimi nina amri." Usiku ule sikumweleza Boke, nilimweleza asubuhi, kwenye ukungu, kila mmoja upande wake wa kamba iliyotenga mabanda yetu. Alisimama akiwa ameshika ndoo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda kisimani, kwamba anaweza kuomba ruhusa, aende nyumbani, awavushe nguruwe Sirare kwa njia ya shamba kabla askari hawajafika. "Na kikohozi?" nikamuuliza. "Kitavuka nao." Aliangalia banda lake. "Najua," akasema. "Ndiyo sababu bado niko hapa."

Na huku ubaoni jambo ambalo hakuna aliyelitegemea lilikuwa linatokea. Nguruwe wa Isebania, wale wenye ugonjwa wa kutisha, walikohoa, wakajikunyata, na yule aliyegoma kula akasimama, akaja kwenye hori akimsukuma mwenzake. Walikuwa pakavu, wameshiba, na ugonjwa wao ukawapita kama mvua ya jua. Wa banda la tatu hawakukohoa kabisa. Banda langu ndilo lililoendelea kunyamaza. Wangu wa Homa Bay, wenye ugonjwa mpole wa misheni, walilala wamebanana, masikio yamegeuka rangi ya zambarau, na walipokohoa mwili mzima ulikunjika. Nilizoea kuwasikiliza nimepiga magoti, sikio karibu na mbavu. Ndani mlikuwa na sauti kama ya mtu anayetembea juu ya majani makavu. Mmoja akafa mikononi mwangu akinitazama, halafu mwingine. Daktari alikuja akasimama mbele ya ubao, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni nyasi," alisema polepole. "Ni yule bruda na maziwa yake. Aliwauguza vizuri mpaka sote tukadhani mdudu wao mkali ni mpole." Boke alinitazama kutoka upande wa pili wa kamba na uso wake haukujua la kufanya, maana furaha yake ilikuwa imelala banda langu imekufa. Ilibaki siku ya kupasua, ili daktari aone mapafu yenyewe na asiwe na neno la kubishaniwa. Baada ya hapo Boke angekwenda nyumbani, akae na mama yake hadi habari ifike bomani.

Asubuhi ya kupasua nilishindwa kuinuka. Nakumbuka dirisha likiwa karibu mno, kisha mbali mno. Nakumbuka nikidhani ukungu umeingia chumbani na kwamba kazi yangu ni kuupima joto. Ziwa la Homa Bay lilikuwa limepanda likafika chini ya kitanda, maji ya vuguvugu, na yule bruda alipita ndani yake akikanda vifua, akafika kwangu, akasema kwa Dholuo kwamba mimi ni wa mwisho. Mbavu zilikuwa zinauma, na nilisikia majani makavu yakikanyagwa, na ilichukua muda kuelewa kwamba yanakanyagwa ndani yangu. Mara kwa mara uso wa Boke ulikuja na kijiko. Nilishika sketi yake. Naambiwa sikuiachia. Saa nyingine ilikuwa daktari, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiniuliza maumivu yalianzia wapi, kichwani au mgongoni, na kama mwanga unaniumiza, na akisikiliza majibu kwa makini ya ajabu. "Samahani, Dorka," alisema. "Katika banda lako lote, wewe ndiye mgonjwa wa kwanza kunijibu." Nilicheka, nikakohoa, nikalia. Hakuna aliyewahi kunihakikishia kwamba kilikuwa kikohozi kilekile. Alichukua damu yangu akaipeleka Nairobi, na Nairobi hawakujibu. Lakini mimi nilikuwa nimekisikiliza nje kwa majuma mengi, na kilipokuja ndani nilikitambua.

Boke alishika mizoga asubuhi, kama tulivyoahidiana, na daktari akayaona mapafu: ya banda langu mekundu na mazito kama ini, ya banda lake yakiwa na madoa machache tu chini. Gari lilikuwa linamngoja limpeleke nyumbani. Alikuja kuniaga, akaniona, akafungua leso yake, akakaa. Gari likaondoka na daktari peke yake, kwenda bomani kwanza, na bomani akaambiwa bwana mifugo ameshatoka na askari tangu asubuhi. Akageuza gari kuelekea Isebania akiendesha, Boke alinisimulia baadaye, kama mtu anayefukuzwa. Alisikia milio kabla ya kufika. Nyumba ya mama yake Boke ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Daktari alipiga kelele, mtu yule mpole, akasimama mbele ya bunduki kwenye nyumba ya pili akiwa na ndoo ya mapafu mkononi, akawaonyesha, mpaka bwana mifugo akachoka kumsikiliza na kuwaita askari wake waondoke. Upande wote ule ulibaki na nguruwe wake, isipokuwa nyumba moja. Daktari alirudi jioni, akasimama mlangoni mwetu. Boke alimtazama, akaelewa, akarudisha kitambaa kwenye maji, akakikamua, akakiweka kwenye paji la uso wangu. Hilo nililiona kwa macho yangu, sikuota.

Nilipoweza kutembea nilimwomba daktari anipeleke kwa yule mama. Njiani nilipanga maneno na yote yalikuwa madogo. Boke alikaa katikati yetu. Mvua ilikuwa imekatika na vilima vya Isebania vilikuwa vimekaa wazi kabisa, kijani hadi kinauma. Zizi lilikuwa tupu, limefagiliwa. Mama alitukaribisha ndani, akatupa vigoda na uji wa mtama, akamwamkia daktari kwa heshima lakini macho yake hayakumwacha, jinsi unavyomtazama mbwa usiyemjua. Nilianza kusema. Boke akatafsiri kwa Kikuria: kwamba bintiye angefika, kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Mama akainuka, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakiacha pale, akajibu kwa kifupi. "Anasema ningekuja angenifukuza nirudi kwako," Boke akanitafsiria. "Anasema, mtu ako na homa, anaachwa?" Kabla hajakaa tena, mtu alikohoa nyuma ya ukuta wa mabua uliogawanya nyumba.

Hakikuwa kikohozi cha mtu. Sisi watatu tulikijua kama tunavyojua majina yetu. Mama naye akakohoa hapohapo, kwa nguvu, mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mimi mzee. Baridi." Nyuma ya mabua kikaja tena, kirefu, na kama kwa kumalizia, mkoromo. Mama akakohoa juu yake mpaka machozi yakamtoka. Boke alikuwa amefungua mdomo, hakuwa anajua. Ndipo nikaelewa: yule jike mkubwa aliyeimbiwa sikioni zizini hakuwa zizini siku ya bunduki, alikuwa chumbani kwa mama, pengine kitandani kwake, na mama alikuwa amekohoa hivihivi mbele ya askari wote. Daktari aliweka kibuyu chake cha uji chini. Alikuwa mtu wa serikali, na jike yule alikuwa kwenye orodha. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza jinsi alivyotufundisha kusikiliza, kwa utulivu wote, mpaka kikohozi kikaja kwa mara nyingine. Mama aliacha kukohoa. Alikuwa amejishika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Hicho ni cha Isebania," daktari akasema, akifumbua macho. "Na kinakwisha. Mwambie amwekee nyasi kavu." Akachukua kibuyu, akanywa uji wake wote.